CARL PETER THUNBERG: DAKTARI WA MELI ALIYEYAPA MAJINA MAUA YA MILIMA YA RASI

Leo twawaletea wasomaji wetu, askari wa majeshi na wa polisi, maisha ya mtu ambaye hakupata kuamuru kikosi wala kuteka mji. Carl Peter Thunberg alikuwa daktari wa meli, mzaliwa wa Uswidi, aliyefariki dunia mwaka 1828. Hata hivyo, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka mitatu katika milima ya kusini kabisa mwa bara letu ilimpatia sifa ya kuitwa Baba wa Elimu ya Mimea ya Rasi, nayo yastahili kutazamwa na kila mtu ambaye kazi yake ni ulinzi. Miongoni mwa vichaka alivyovipa majina kimo kimoja kilichopotea machoni pa wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja, kikaonekana tena, kisha kikakaribia kuangamia mikononi mwa watu waliokusudia kukilinda. Habari za Thunberg na za kichaka hicho haziachani, nasi tutazieleza pamoja.

KUZALIWA NA MASOMO

Thunberg alizaliwa tarehe 11 Novemba 1743 katika mji wa Jönköping. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Mwaka 1761 aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala kusomea udaktari, na huko akawa mwanafunzi wa Carl Linnaeus, mwalimu mashuhuri kupita wote wa elimu ya mimea katika zama zile. Linnaeus ndiye aliyeweka utaratibu wa kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili, la kwanza likitaja ukoo na la pili likitaja aina, utaratibu ambao wataalamu wa dunia nzima wangali wakiufuata. Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kuwatuma wanafunzi wake hodari katika nchi za mbali wakakusanye mimea. Kadhaa kati yao walifia safarini kwa homa na maradhi mengine, na Thunberg aliyajua hayo kabla ya kujitolea.

Aliondoka nyumbani mwezi Agosti 1770 kwenda Paris kuongeza elimu ya udaktari. Alipokuwa Amsterdam alikutana na Profesa Johannes Burman na matajiri wapendao bustani, ambao walitamani mimea ya Japani. Lakini Japani ya siku hizo ilikuwa imefunga milango yake. Katika mataifa ya Ulaya, Waholanzi peke yao ndio walioruhusiwa kufanya biashara humo, tena katika kisiwa kimoja kidogo tu. Yamkini Mswidi asingepita. Ikaamuliwa basi kwamba Thunberg aajiriwe na Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki kama daktari wa meli, akae kwanza kwenye Rasi ya Tumaini Jema, ajifunze lugha na tabia za Waholanzi, kisha aingie Japani akihesabiwa kuwa mmoja wao.

SAFARI YA BAHARINI

Meli yake, iliyoitwa Schoonzicht, iling'oa nanga mwisho wa mwaka 1771. Mabaharia na askari wa Kampuni walijazwa humo bila nafasi ya kutosha, na maradhi yakawashika wengi. Siku moja mpishi alichanganya chapati za maji kwa unga aliodhani kuwa wa ngano, kumbe ulikuwa unga mweupe wa madini ya risasi utumiwao kutengenezea rangi. Waliokula waliugua vibaya, na Thunberg alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa daktari, na ilimpasa kujitibu na kuwatibu wenzake. Aliponea chupuchupu, akateremka Rasini mwezi Aprili 1772.

Huko nako alipokelewa na habari mbaya. Gavana Ryk Tulbagh, ambaye wafadhili wa Amsterdam walikuwa wamemwandikia wakimwombea Thunberg msaada, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mshahara wa daktari ulikuwa mdogo, nao ulikuwa hautoshi kununua maksai, gari na vifaa vya safari. Alilazimika kukopa, na akasafiri akiwa na deni.

MLIMA WA VICHAKA

Yatupasa hapa tueleze nchi aliyoikuta. Nyuma ya mji wa Rasi umesimama mlima wenye kilele bapa, Table Mountain, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000. Juu yake na katika safu za milima zilizo mashariki yake hakuna miti mikubwa, ila katika mabonde machache yenye maji. Ardhi ni ya mchanga na mawe, haina rutuba. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto hukauka huku upepo mkali wa kusini-mashariki ukivuma kwa siku nyingi. Mtu angedhani kwamba katika nchi ya namna hiyo hapaoti kitu cha maana. Kinyume chake, milima hiyo imefunikwa na vichaka vya maua visivyo na mfano, ambavyo Makaburu waliviita finbosi, yaani vichaka vya majani membamba.

Eneo la mimea ya Rasi ni dogo likilinganishwa na bara zima, lakini lina karibu aina 9,000 za mimea, na takriban aina saba katika kila kumi hazioti kwa asili mahali pengine popote duniani. Erika peke yake, vile vichaka vyenye maua madogo mfano wa kengele, vina zaidi ya aina 600 huko, ilhali za Ulaya nzima hazifiki 30. Kisha wapo jamaa wa protea, ambao Linnaeus aliwapa jina la mungu wa Wayunani wa kale aliyekuwa akijigeuza umbo apendavyo, kwa sababu sura zao ni nyingi mno. Shirika la UNESCO liliyaingiza maeneo ya mimea hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004.

Thunberg aliupanda mlima ule mara kumi na tano. Twaomba msomaji azingatie hesabu hiyo. Mtu wa kawaida aupandapo mlima mara moja husema kwamba ameujua. Yeye aliurudia kwa sababu alitambua kuwa kichaka kisicho na ua mwezi wa Mei chaweza kuchanua mwezi wa Septemba, na ua lililoko upande wa baharini laweza kukosekana upande wa pili. Kila alichokikata alikibana katikati ya karatasi, akakikausha na kukiwekea maandishi ya kukitambulisha. Askari aliyepata kufanya kazi ya upelelezi atautambua mwenendo huo.

SAFARI TATU ZA BARA

Safari yake ya kwanza ya bara ilianza Septemba 1772 na kumalizika mwanzoni mwa Januari 1773. Alifuatana na Johann Auge, mtunza bustani wa Kampuni aliyeijua nchi kwa miaka mingi, na wenzao wawili. Katika msitu mmoja mbogo aliwavamia ghafula akaua farasi wawili, na Thunberg akaokoka kwa kupanda mti. Safari ya pili, ya Septemba 1773 hadi Januari 1774, aliifanya pamoja na Francis Masson, mkulima wa bustani kutoka Scotland aliyetumwa na bustani ya mfalme wa Uingereza huko Kew. Walipokuwa wakivuka mto mmoja, farasi wa Thunberg alitumbukia katika shimo la viboko, maji yakawafunika wote wawili, farasi na mpandaji, kabla ya mnyama kuogelea na kumfikisha ng'ambo. Mwaka 1774 wawili hao walisafiri tena, safari hii kuelekea kaskazini hadi nyanda kavu za Roggeveld.

Kazi hiyo yote isingewezekana bila ya Wakhoikhoi, wenyeji wa nchi. Wao ndio walioongoza magari ya maksai, wakaonyesha vivuko na visima, na elimu yao ya mimea ilikuwa imekusanywa kwa vizazi vingi. Kwao Thunberg alijifunza habari za buchu, kichaka chenye harufu kali ambacho walikisaga na kukichanganya na mafuta ya kujipaka, tena kikatumika kuwa dawa. Aliyaandika hayo katika vitabu vyake. Hata hivyo, majina ya waliomfundisha hayamo katika majina ya kitaalamu ya mimea ile, na huo ni upungufu ambao mwandishi wa historia hana budi kuutaja.

Wala hatuwezi kuficha kuwa Thunberg alikula mshahara wa Kampuni iliyokuwa ikiwanyang'anya wenyeji ardhi yao na kumiliki watumwa waliosafirishwa kutoka Madagaska, Msumbiji na nchi za mashariki. Mwaka ule ule wa 1774 utawala wa Rasi ulituma vikosi vya walowezi wenye farasi na bunduki kuwasaka Wasan katika milima ya kaskazini, na mamia ya watu wakauawa. Thunberg alipita karibu na nchi hiyo na akaandika habari za vikosi hivyo katika kitabu chake. Hakuviamuru, wala hakuvizuia. Kwa hiyo twaisifu kazi yake ya mimea bila ya kuutukuza utawala aliotumikia.

KICHAKA CHA FRANSCHHOEK

Mwaka 1773, katika milima ya Franschhoek, mashariki ya mji wa Rasi, Thunberg alikuta kichaka chembamba kisichozidi sana kimo cha mtu, chenye maua meupe yaliyoingiwa na wekundu hafifu. Alikata matawi, akayakausha, na mwaka 1781 akakitangaza katika maandishi yake juu ya jamaa ya protea. Leo kinaitwa Serruria florida, na watu wa kawaida wamekibandika jina la Bibi Arusi Mwenye Haya.

Baada ya hapo kichaka hicho kilitoweka. Wataalamu wengine walipita katika milima ile wasikione, na kwa zaidi ya miaka mia moja kikabaki kuwa jina kitabuni na tawi kavu kwenye karatasi. Mwaka 1891 ndipo kilipopatikana tena na Profesa Peter MacOwan, katika milima ile ile, kikiwa kimebaki mahali pachache. Mbegu zake zilipandwa katika bustani, na mahali kilipoota pakalindwa. Adui mkubwa aliyeogopwa alikuwa moto.

Hofu hiyo ilieleweka. Tangu zamani za kale Wakhoikhoi walikuwa wakichoma nyika kwa utaratibu wao ili majani mabichi yaote kwa ajili ya ng'ombe, na walowezi waliwaiga kwa pupa kubwa zaidi. Wataalamu wa mwanzo wa karne ya 20 walipoona milima iliyogeuka majivu walikata shauri kwamba kila moto ni uharibifu, na walinzi wa milima wakaamriwa kuzuia moto wote. Amri ikatekelezwa kwa bidii. Miaka ikapita, moto haukuja, na vichaka vya Bibi Arusi vikazeeka na kufa mmoja baada ya mwingine bila kuacha watoto. Walinzi walikesha, na kilicholindwa kikazidi kupungua.

SIRI YA MOTO

Sababu ilikuja kufahamika baadaye. Mbegu ya kichaka hicho ina kipande laini cha chakula kinachopendwa na sisimizi. Sisimizi huibeba mbegu mpaka shimoni mwao, hula kile kipande, na mbegu yenyewe huiacha chini ya udongo, mbali na panya na ndege. Hapo hukaa miaka mingi bila kuota. Moto upitapo juu, kichaka kizazi hufa. Lakini udongo hupashwa joto, kivuli huondoka, majivu hurutubisha ardhi, na mvua za baridi zikinyesha mbegu huamka. Hivyo ndivyo ilivyotokea: mahali ambapo vichaka vikongwe vilikuwa vimekwisha, baada ya moto palichipuka miche mipya.

Mimea mingine ya finbosi ina mbinu zake. Protea kubwa, iliyo ua la taifa la Afrika Kusini, huficha shina nene chini ya ardhi na kuchipua tena. Protea nyingine hufunga mbegu zake katika vichwa vigumu kwa miaka kadhaa, na vichwa hivyo hufunguka baada ya kuungua. Tena mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walitangaza kuwa moshi wenyewe, hata pasipo joto, huziamsha mbegu za baadhi ya mimea hiyo.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 amri ya kuzuia moto wote ilibadilishwa, na walinzi wa milima wakaanza kuchoma sehemu kwa sehemu kwa mpango. Lakini isidhaniwe kuwa moto wowote unafaa. Finbosi huhitaji moto baada ya miaka kama kumi hadi thelathini. Ukirudi upesi mno, huteketeza vichaka vichanga kabla havijazaa mbegu, na kizazi hukatika. Ukichelewa mno, vikongwe hufa na mbegu huoza. Zaidi ya hayo, misonobari na mikesia iliyoletwa kutoka ng'ambo huufanya moto uwe mkali kupita kiasi. Aprili 2021 moto ulioshuka kwenye miteremko ya Table Mountain uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza maktaba iliyohifadhi maandishi mengi ya Afrika. Vichaka vilichipua tena. Vitabu vilivyoungua havikuchipua.

JAPANI NA KURUDI NYUMBANI

Tumrudie Thunberg. Machi 1775 aliondoka Rasini kwenda Batavia, na Agosti ya mwaka huo aliingia Japani. Alifungiwa pamoja na Waholanzi katika kisiwa cha Deshima, asiruhusiwe kutembea bara atakavyo. Hakukata tamaa. Alichambua majani yaliyoletwa kulishia mifugo ya kisiwani, akapata humo mimea aliyoitaka. Aliwafundisha matabibu wa Kijapani, nao wakamletea mimea. Mwaka 1776 alisafiri na ujumbe wa Waholanzi hadi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akikusanya mimea njiani. Kitabu chake cha mimea ya Japani kilitoka mwaka 1784.

Alifika Uswidi mwaka 1779, baada ya karibu miaka tisa. Mwalimu wake Linnaeus alikuwa amefariki Januari 1778. Mwaka 1784 Thunberg alikalia kiti kile kile cha uprofesa huko Uppsala, akakishika mpaka kifo chake. Mwaka uliofuata alikikabidhi chuo mkusanyo wake. Habari za safari zake alizitoa katika juzuu nne kati ya mwaka 1788 na 1793, na kitabu chake kikubwa cha mimea ya Rasi kilikamilika mwaka 1823, yeye akiwa na umri wa karibu miaka 80. Hesabu ya aina alizokusanya Rasini ni kama 3,000, na karibu 1,000 kati yake hazikuwa zikijulikana kwa wataalamu. Alifariki tarehe 8 Agosti 1828 karibu na Uppsala. Karatasi zake za mimea mikavu, zipatazo 27,500, zimetunzwa mjini humo hadi leo.

FUNZO KWETU

Huenda askari akauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yatuhusu. Milima yetu mirefu, Kilimanjaro, Kenya, Elgon na Ruwenzori, nayo ina ukanda wa erika juu ya misitu, na Kilimanjaro ina protea yake. Ukanda huo nao huungua. Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro kwa siku nyingi, na mamia ya watu walipanda kuuzima. Ila hali ya Kilimanjaro si sawa na ya Rasi. Huku kwetu erika zikiachwa huwa miti mirefu, inayonasa maji ya mawingu na kuyateremsha kwenye vyanzo vya mito. Na wataalamu wameonyesha kuwa moto wa mara kwa mara umekwisha kuusukuma chini mpaka wa juu wa msitu huo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo amri iliyo sahihi Franschhoek yaweza kuwa kosa Kilimanjaro, na iliyo sahihi Kilimanjaro iliwahi kukaribia kukiangamiza kichaka cha Franschhoek.

Mlinzi asiyekijua anachokilinda aweza kukiua kwa bidii yake mwenyewe. Walinzi wale wa milima ya Rasi hawakuwa wavivu wala wasaliti. Walitii amri, na amri ilikuwa imetolewa kabla ya uchunguzi. Kilichookoa hali ni kwamba miaka mingi kabla yao alikuwapo mtu aliyeandika sawasawa kile alichokiona, hata waliokuja baada yake wakajua ni kitu gani kinachotoweka na mahali gani pa kukitafuta. Afisa anayejaza kitabu cha doria, na koplo anayeandika mahali moto ulipoanzia na upande upepo ulikotoka, wanafanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Jina la Thunberg limo pia katika nchi yetu. Ule mmea utambaao kwenye nyua na vichaka vya Afrika Mashariki, wenye maua ya rangi ya machungwa na shimo jeusi katikati, unaitwa Thunbergia alata. Jina la ukoo huo lilitolewa mwaka 1780 kwa heshima yake, naye ambaye hakufika kwetu hata mara moja yumo katika nyua zetu kila mvua inyeshapo.